MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: UFA WA KAMBINI

Jioni ya tarehe 24 Januari, 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles, katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru, walikuwa wakingojea hotuba ya Waziri Mkuu wao, Mzee Jomo Kenyatta, wakitumaini kusikia habari ya nyongeza ya mishahara. Habari hiyo hawakuisikia. Usiku ule ule wakavunja ghala ya silaha. Siku nne kabla yake wenzao wa Tanganyika walikuwa wameasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Na tarehe 23 wale wa Jinja, Uganda, walikuwa wamemzuia Waziri wao wa Mambo ya Ndani, Bwana Felix Onama. Katika muda wa juma moja nchi tatu jirani, zote changa katika uhuru, zililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, mkoloni aliyekuwa ameondoka juzi juzi tu.

Uasi ni uasi, wala hapana anayeutetea hapa. Lakini malalamiko yale hayakuwa mageni. Mishahara midogo, na maofisa wa kigeni waliozidi kukalia vyeo, vilikuwa vikizungumzwa mabwenini siku nyingi. Kilichokosekana ni kiongozi wa kuyasikia mapema na kuyafikisha panapohusika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tanganyika ililazimika kulivunja jeshi lake na kujenga jipya, lililoundwa tarehe 1 Septemba, 1964.

Ndugu wasikilizaji, ufa wa siku hizi una sura nyingine. Askari aliyechoka mno haasi. Hudhoofika kimya kimya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo ya kuchakazwa na kazi kwa dalili tatu: mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake na kuidharau, na kupungukiwa na ufanisi. Yafaa ikumbukwe kwamba Shirika hilo halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na mikazo ya kazi iliyoachwa bila kudhibitiwa. Maana yake ni nzito: kinga ya kwanza haimo katika chupa ya dawa, imo mkononi mwa yule apangaye kazi.

Majirani zetu wa Kenya wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa, kwa visa vya askari polisi waliojiua au kuwaua wenzao kwa bunduki za serikali. Mwezi Desemba, 2022, Rais William Ruto aliteua kikosi kazi chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kichunguze mishahara, makazi na hali ya utumishi wa polisi na magereza. Taarifa yake ilikabidhiwa Novemba, 2023.

Mishahara na nyumba ni mambo ya serikali. Lakini zamu ya lindo hupangwa na mkuu wa kituo. Likizo iliyoahirishwa mara tatu huahirishwa kwa saini ya mkuu. Askari aliyetoka lindo la usiku, akapangiwa doria asubuhi, huku nyumbani ameacha mtoto mgonjwa, amebeba mzigo asioweza kuutaja kwenye gwaride. Na begani pake pana bunduki. Neno moja la kamanda wake, na siku mbili za ruhusa, huenda vikaokoa maisha ya watu.

Wapo wasemao kwamba huruma huvunja nidhamu. Hao wanachanganya huruma na ulegevu. Kiongozi mlegevu huliachilia kosa. Kiongozi mwema huliadhibu kosa, akataka pia kujua chanzo chake. Askari anayejua kwamba mkuu wake anamfahamu kwa jina na kwa shida zake hutii hata pale asipoonekana na mtu.

Naye askari asione haya kusema kwamba amelemewa, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Na mkuu atakayemcheka askari huyo ajue kwamba amewafunga midomo wote waliobaki, na kwamba safari ijayo atapata habari zao wakati wa kuzuia umekwisha kupita.