Tununue Mlinzi Gani wa Kompyuta ya Kikundi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sigowet)



Vikundi vingi vimeniuliza swali moja: "Tumenunua kompyuta, imekaa nyumbani kwa mweka hazina. Sasa tununue programu gani ya kuzuia virusi?" Ni swali zuri. Ndani ya mashine hiyo mna michango ya mwaka mzima, mikopo, na kilo za majani ya kila mwanachama. Hayo yakipotea, hasara si ya mashine tu. Watu wataanza kushukiana, na kikundi kitavunjika.

Basi tuzilinganishe.

Kwanza, jueni mlicho nacho. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huja na mlinzi wake, Microsoft Defender. Hamlipi kitu. Maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani imeipa alama za juu, sawa na nyingi za kulipia.

Pili, ziko za bure, kama Avast na AVG. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, kwa hivyo hizo ni ndugu. Zinakamata virusi vizuri, lakini angalieni: mwaka 2024 serikali ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu habari za kurasa ambazo watu walitembelea kwenye intaneti zilikuwa zimeuzwa. Kitu cha bure kinaweza kuwa na bei yake.

Tatu, za kulipia: Bitdefender, ESET, Norton, Kaspersky. Ni nzuri na zina mambo ya ziada, lakini leseni ina mwisho wake. Je, mwakani kikundi kitakumbuka kulipa tena? Na zile zilizovunjwa leseni, mnazouziwa kwa bei ya chai na mandazi, msiziguse. Mara nyingi mwizi amejificha humo humo.

Tena msiweke mbili pamoja. Walinzi wawili kwenye lango moja watashikana wao kwa wao, na mashine itakuwa nzito.

Kwa maoni yangu, kikundi kidogo kitoshewe na Defender. Lakini sikilizeni: jina la mlinzi si neno kubwa. Neno kubwa ni kuisasisha mashine. Mwezi Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata za hospitali za Uingereza, na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi! Wengi walioumia ni wale ambao hawakuiweka.

Ndiyo sababu wenye Windows 10 wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mlinzi bado yuko mlangoni, lakini mlango wenyewe haurekebishwi kama zamani. Mwulizeni fundi kama mashine yenu inaweza kuchukua Windows 11. Ikishindwa, kuna Linux, ambayo ni ya bure.

Hapa kwetu virusi vingi huja kwa flashi. Unaenda saiba kuchapisha orodha, unarudi, unaifungua nyumbani, mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Usilie, na usifute kitu! Mara nyingi yamefichwa tu, na fundi anaweza kuyarudisha.

Basi fanyeni haya:

1. Kila wiki, unganisheni kompyuta na intaneti ya simu, iache ijisasishe. Bando hilo liwe gharama ya kikundi, si ya mweka hazina peke yake.

2. Flashi ikitoka saiba, ipimwe na Defender kabla ya kufunguliwa.

3. Baada ya kila mkutano, nakilini hesabu kwenye flashi nyingine isiyoenda saiba kamwe. Mwenyekiti aiweke kwake.

4. Daftari la kalamu lisitupwe. Daftari haliingii virusi.

5. Akipiga mtu simu akisema kompyuta yenu ni mgonjwa, kateni. Msimpe neno la siri wala PIN ya M-Pesa. Hapo hakuna programu itakayowaokoa.

Pesa za leseni mkizihifadhi, nunueni flashi mbili na bando. Sasa tuanze maswali.