Kisanduku cha Sauti na Kaseti ya Mwaka 1979
(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu)



Katibu ameniomba nieleze jinsi nilivyokitengeneza, nyumbani kwangu Mgololo, kile kisanduku kinachounganisha kipaza sauti au redio kaseti na kompyuta. Najua wako watakaouliza, mzee wa kiwanda cha karatasi ana nini na mambo ya sauti? Nivumilieni.

Mwenzetu mmoja aliniletea kaseti iliyorekodiwa hapa shuleni siku ya mahafali ya mwaka 1979. Ndani yake inaimba kwaya yetu, na wanne kati ya waimbaji hao hatunao tena. Utepe ulikuwa umechakaa hata unapukutisha unga wa kahawia. Niliona ungestahimili kuchezwa mara moja, labda mbili. Na wakati huohuo kisanduku changu kikaanza kuzimika ghafla. Taa inapepesa, kompyuta haikioni, kisha kinawaka tena kana kwamba hakikufanya kosa.

Nililaumu programu ya kompyuta, nikapoteza jioni mbili kuifuta na kuiweka upya. Fundi mmoja wa mjini alikitazama bila kukifungua, akasema ninunue kingine. Bei aliyoitaja ilinirudisha nyumbani kuchukua bisibisi.

Vijana, hapa ndipo ninapowataka mtege masikio. Kabla ya kufungua kitu chochote, jiulize ubovu hauko wapi. Nilibadili waya wa USB, kikazimika vilevile. Nikakipeleka kwenye kompyuta ya mwanangu, vilevile. Basi waya na kompyuta havina hatia. Kisha nikagusa waya kidogo pale unapoingia kwenye kisanduku, taa ikazimika. Nikajua.

Kisanduku hiki hakina umeme wake; kinapewa volti 5 na kompyuta kupitia waya huohuo. (Kama chako kinachomekwa ukutani, usikifungue bila mtu anayejua, maana kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.) Nilipokifungua niliweka mita kwenye kibao cha ndani, nikasukuma soketi kwa kidole. Volti 5, mara sifuri, mara 5. Kwa kioo cha kukuzia nikaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa soketi, mahali risasi ilipopasuka. Miguu minene ya pembeni, ile inayoshikilia soketi isitikisike, ilikuwa imeachia kwanza. Tangu hapo uzito wote wa waya ukabebwa na miguu midogo minne ya umeme na mawasiliano.

Nililehemu upya, nikianza na ile minene. Lazima niungame kwamba nilikawia na chuma cha moto kwenye mguu mmoja mdogo, shaba ya kibao ikabanduka. Jasho lilinitoka! Nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa zamani, nikaunganisha mguu huo na njia yake ya mbele. Si kazi ya kupendeza, lakini inapitisha umeme. Mwisho nikaufunga waya kwenye mwili wa kisanduku kwa kamba, ili ukivutwa usivute soketi.

Sikuithubutu kaseti yetu papo hapo. Nilicheza kwanza kaseti ya taarabu isiyo na thamani kwangu (mke wangu ana maoni mengine), upande mzima wa dakika 30, huku nikiutikisa waya kwa makusudi. Taa haikupepesa.

Ndipo nikaweka ile ya mwaka 1979. Ilicheza mara moja, ikakwaruza, ikafika mwisho. Katikati ya wimbo wa pili kengele ya shule inagonga, na mtu mmoja wa sauti ya nne anacheka. Wenzangu wa mwaka ule mtamjua mara moja. Nakala iko kwa Katibu. Anayeitaka aje na flashi yake.