Jirani zetu na njia ya shaba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini usiku ule.)



Nimeombwa niseme juu ya urafiki wa inchi yetu na inchi za jirani. Najua wengine wenu wanafikiri: hiyo ni kazi ya mabalozi na wakubwa wa Kinshasa, sisi watu wa shimo inatuhusu nini? Basi hilo ndilo neno ninalotaka kulijibu leo. Wakubwa wanakosana mezani, na mfuko unaopungua mwisho wa mwezi ni wako.

Tazameni ramani. Congo ina jirani tisa: Angola, Congo ya Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudani ya Kusini, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zambia. Mtu akizunguka mpaka wote atapita kilometa zaidi ya 10,000. Lakini pwani yetu ya bahari, kule Banana na Moanda, haifiki hata kilometa 50. Nyumba kubwa namna hii, na mlango mdogo hivyo! Tena sisi wa Katanga tunakaa chumba cha nyuma kabisa. Shaba ikitoka Kolwezi au Likasi, itafika baharini kwa kupita uwanja wa mtu mwingine. Iko njia moja tu ya ndani: gari la moshi mpaka Ilebo, ambako reli ilifika mwaka wa 1928, kisha mashua kwa mto Kasai mpaka Kinshasa, kisha gari la moshi tena mpaka Matadi. Mzigo unapakiwa, unashushwa, unapakiwa, unashushwa. Kila kituo kinakula siku zake, na kila kituo kina mikono yake. Ninyi mnajua mikono ninayoisema.

Wabelgiji, pamoja na kiburi chao chote, walilifahamu jambo hili. Reli ya kwanza kufika Elisabethville, mwaka wa 1910, ilitoka kusini kwa Waingereza wa Rhodesia, ikipita Sakania. Mwaka wa 1921 walipatana na Waingereza wapewe mahali pao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Franka moja! Mwaka wa 1931 ikafunguliwa njia ya Benguela, kutoka bandari ya Lobito kupita Angola ya Wareno, kilometa zaidi ya 1,300, mpaka kuungana na reli yetu upande wa Dilolo. Hiyo ndiyo njia fupi ya shaba yetu kwenda baharini. Mambo mengi walitunyima, lakini kwa habari ya njia hawakulala.

Sasa sikilizeni namna njia hiyo ilivyofungwa, maana wengi wetu tulikula matunda yake bila kujua ni nani aliyeyapanda.

Mwaka wa 1975 Wareno walitoka Angola. Vyama vitatu vilikuwa vikigombea inchi: MPLA ya Agostinho Neto, FNLA ya Holden Roberto, na UNITA ya Jonas Savimbi. Prezida Mobutu alichagua FNLA, akapeleka hata askari wa Zaire kuvuka mpaka kuipigania. MPLA ikasaidiwa na askari wa Cuba, ikashinda. Mwaka uleule reli ya Benguela ikakatika. Basi, sisi tukabaki na jirani mwenye mpaka nasi wa kilometa zaidi ya 2,500, ambaye tulikuwa tumejaribu kumwangusha, naye alijua. Wala hakukosa fimbo ya kutupigia. Huko Angola walikaa jandarma wa zamani wa Katanga, waliokimbia baada ya kujitenga kwa Tshombe kumalizika Januari 1963, pamoja na vijana wao. Walikuwa wamewahi kufanya kazi ya bunduki kwa Wareno. Sasa walikuwa upande wa MPLA.

Machi 1977 wakaingia. Dilolo, Kasaji, Kisenge, Mutshatsha, yote yakaanguka. Jeshi la Mobutu lilikimbia, mpaka ndege za Ufaransa zikaleta askari wa Maroko. Walipoondoka, watu wengi wa vijiji wakakimbilia Angola nyuma yao, kwa kuogopa kisasi cha serikali yao wenyewe. Mwaka uliofuata, Mei 1978, wakarudi kwa kupita pembe ya Zambia, wakatokea Kolwezi palepale katikati ya kazi. Wazee walioko hapa hawana haja ya kuelezwa siku zile. Wafaransa walishuka kwa parashuti tarehe 19 Mei, na Wabelgiji wakafika kesho yake. Watu waliokufa walikuwa mamia, weusi na weupe, na wengi wao walikuwa watu wa kazi wasiojua hata sura ya Holden Roberto.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Baada ya damu ile, Mobutu na Neto walipatana. Agosti 1978, miezi mitatu tu baada ya Kolwezi, Neto alifika Kinshasa, watu wakapiga mikono. Sasa najiuliza, na ninyi jiulizeni: kama waliweza kupatana mwezi wa nane, kwa nini hawakupatana mwaka wa 1975? Jambo gani lilikuwa jipya, zaidi ya makaburi?

Tena upatano ule haukuwa na mizizi. Miaka ya 1980 Wamarekani walipitisha silaha za Savimbi katika uwanja wa ndege wa Kamina, hapa hapa kwetu. Mkono mmoja unasalimia Luanda, mkono wa pili unampa adui wa Luanda bunduki. Na watu wa Savimbi ndio waliokuwa wakiharibu ile reli ambayo shaba yetu iliihitaji! Kwa hiyo shaba ikaenda kusini, njia ndefu na ya bei kali, mpaka bandari za Afrika ya Kusini ya ubaguzi, ambayo redio yetu ilikuwa ikiitukana kila jioni. Sisemi Gécamines ilianguka kwa sababu ya reli peke yake. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, na wezi wenye vyeo walikuwa wameanza zamani. Lakini kompani inayolipa safari ya bei kali itatafuta mahali pa kupunguza, na mahali pa kwanza ni posho na dawa za hospitali ya kambi. Luanda kwa upande wake haikusahau: mwaka wa 1997 askari wa Angola walikuwa kati ya wale waliomsukuma Mobutu nje.

Mtu atasema, hayo ni ya zamani, Mobutu amekufa. Haya, tuje karibu. Agosti 2024 serikali yetu ilikataza bia na sukre za Zambia kuingia. Wenye malori wakagoma pale Kasumbalesa. Zambia ikafunga mpaka wake, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania pamoja. Malori ya shaba yakasimama upande huu, malori ya chakula yakasimama upande ule. Baada ya siku chache mawaziri walikaa, wakazungumza, mpaka ukafunguliwa. Kulinda viwanda vyetu vya bia si kosa, hata kidogo. Lakini kati ya wamama walio hapa ni nani hajui mahali bunga letu linapotoka? Mtu anayepikia bukari kwa bunga la jirani hamfungii mlango kabla ya kumbishia hodi. Wangezungumza kwanza, na kukataza baadaye kama kukataza kunafaa. Siku zile chache zisingepotea.

Nisieleweke vibaya. Kukaa vizuri na jirani si kumpigia magoti. Huko mashariki wandugu zetu wanajua maana ya jirani anayevuka na bunduki. Uganda ilivuka katika vita vya 1998, na Congo ikaipeleka mbele ya Mahakama ya dunia kule La Haye. Mwaka wa 2005 mahakama ikasema Uganda imekosa. Mwaka wa 2022 ikaamua ilipe dola milioni 325, na malipo ya kwanza yakatoka mwaka uleule. Ni kidogo mbele ya wafu wale, kidogo sana. Lakini ni fedha iliyopatikana kwa karatasi na mawakili. Na tazameni mambo ya dunia: tangu Novemba 2021 askari wa Uganda hao hao wamekuwa wakipigana pamoja na askari wetu dhidi ya ADF. Kwa Rwanda hali ni nyingine. Januari 2025 M23 ilichukua Goma. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba askari wa Rwanda wako pamoja nayo, Kigali inakana, na Kinshasa ikavunja urafiki wa kibalozi. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa inchi mbili walitia mkono karatasi ya amani kule Washington. Karatasi ile itapimwa kwa vijiji: je, watu wamerudi katika mashamba yao, au bado wanalala chini ya turubai?

Nirudi kwetu, maana saa inakwenda. Wachina walijenga upya reli ya Benguela, ikafika tena Luau, mpakani, mwaka wa 2015. Mwaka wa 2022 Angola iliipa kampuni za kigeni kuiendesha kwa miaka 30, na mwaka wa 2024 shaba ya Congo ilipita humo kwenda Lobito ikielekea Marekani. Ni jambo jema. Lakini reli ya upande wetu, kutoka Kolwezi kwenda Dilolo, imezeeka, magari yanatambaa. Basi nawaomba viongozi wenu wa sindika waulize mambo matatu, waulize kwa barua yenye tarehe. Angola na Congo wamepatana nini juu ya bei ya kupitisha tani moja? Reli ya upande wetu itatengenezwa na nani, kwa fedha ya nani? Na siku Luanda na Kinshasa wakikosana, ni nani atakayelipa mshahara wa mtu ambaye shaba yake imelala kituoni?

Wakijibiwa, barua isomwe hapa mbele ya wote, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Nimemaliza. Mwenye swali asimame, aanze yule baba mwenye kofia, ameinua mkono tangu nilipotaja Dilolo.