Kanisa na Madai ya Haki: Nguvu Yetu Ilitoka Wapi?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Kisii na Nyamira



Wapo wasemao kwamba kanisa lisijihusishe na siasa. Na tuwajibu kwa historia. Mwaka 1986 KANU ilipoamuru wapiga kura wapange foleni nyuma ya wagombea katika uteuzi, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga. Mchungaji aonekanaye nyuma ya mgombea mmoja, atawalishaje waumini wa mgombea mwingine? Hata hivyo mlolongo ulitumika mwaka 1988, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Makanisa hayakunyamaza, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichohalalisha chama kimoja kikafutwa.

Desemba 1999, wabunge walipotaka kuhodhi marekebisho ya katiba, Wakristo, Waislamu na Wahindu walikutana katika Jumba la Ufungamano, Nairobi. Wakaunda tume yao chini ya Dakt. Oki Ooko Ombaka, ikakusanya maoni ya raia. Mwaka 2001 serikali ilikubali tume hiyo iunganishwe na ile ya Profesa Yash Pal Ghai.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Mkutano wa hadhara uliweza kunyimwa kibali. Ibada haikuhitaji kibali. Waraka wa maaskofu ulisomwa Jumapili moja katika parokia zote, mjini na vijijini. Zaidi ya hayo, sauti hiyo ilisadikiwa kwa kuwa haikuwa ya chama chochote.

Sadaka hiyo ya imani ilipopotea, tuliumia sote. Mpaka wa Borabu na Sotik, uliokwisha kuona mapigano mwaka 1992, ulichomeka tena mwanzoni mwa 2008. Februari mwaka huo NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Msuluhishi aliyekwisha kuchagua upande hasuluhishi.

Basi kila kanisa na liwe na kamati ya haki na amani, isome bajeti ya kaunti, ihoji, iandike, ifuatilie. Na bahasha ya mwanasiasa isipokewe madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni yaliyotolewa na Rais. Likiweza Nairobi, Kisii na Nyamira zashindwa na nini?

Mungu awabariki.