Neno "Bado"
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya hali ya hewa. Habari za mvua nawaachia wazee waliokaa mbele hapa, maana wanazijua kunishinda. Mimi nitasema juu ya wale wanaokana kwamba dunia inapata joto kwa ajili ya moshi wa mafuta na makaa ya mawe, na jinsi walivyoninasa hata mimi.

Enzi zetu tuliitazama Kibo kutoka uwanja wa mpira. Mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia 2007 haikufika 2. Mwaka huo huo wa 2007 Philip Mote wa Marekani na Georg Kaser wa Austria waliandika kwamba barafu ya Kibo inapungua hasa kwa ukavu wa hewa na jua kali, ikigeuka mvuke kabla ya kuyeyuka. Lakini katika makala ile ile walisema kwamba joto la dunia ni kweli, na kwamba barafu za milima mingine mingi zinapungua kwa sababu yake. Waliokuwa wakitafuta la kusema walichukua nusu ya kwanza, nusu ya pili wakaiacha.

Mimi niliipata nusu hiyo ya kwanza. Nilikuwa ofisa kijana katika ofisi moja ya serikali, nikiandaa taarifa juu ya kuhifadhi chemchemi ya kijiji kimoja cha mlimani. Nikaandika: "Wataalamu bado hawajaafikiana." Mkubwa wangu alifurahi, maana fedha zilikuwa chache. Jalada likawekwa kando kwa miaka mitatu, na kina mama wakaendelea kupanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. Na kichekesho ni hiki: maji ya kule hutokana zaidi na mvua ya msituni kuliko barafu, kwa hiyo ubishi wa barafu haukuihusu chemchemi ile!

Baadaye niligundua kwamba sentensi yangu ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson ulisema kwamba bidhaa yao ni shaka. Hawakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba sigara haidhuru. Ilitosha watu waone kwamba mabishano hayajaisha. Wenye mafuta wakafuata njia hiyo. Wakubwa wa Exxon walielezwa hatari hii na mwanasayansi wao tangu 1977, na uchunguzi uliochapishwa 2023 umeonyesha kwamba makadirio ya joto ya wanasayansi wa kampuni hiyo yalikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Hadharani kampuni iliimba mashaka. Mwaka 1998 ulivuja mpango ulioandaliwa chini ya Taasisi ya Petroli ya Marekani: ushindi, ulisema, ni pale raia wa kawaida watakapoiona sayansi hii kuwa haina uhakika.

Kwa nini neno hili ni tamu? Kwa sababu halidai kitu. Anayekuambia hatari ipo anakupa jembe. Anayekuambia "bado" anakupa kiti. Kwetu lina utamu wa ziada: mtu husema ni hila ya mataifa tajiri ya kutuzuia tusiendelee. Kweli, Afrika imetoa sehemu ndogo sana ya moshi huo, na tuna haki ya kudai. Lakini huwezi kudai fidia ya moto huku unakana kwamba nyumba inaungua.

Vijana mtaniuliza: je, kuuliza ni kosa? Hata kidogo. Mote na Kaser waliuliza, wakapima, wakaandika yote waliyoyaona. Mimi ndiye sikusoma mpaka mwisho.

Jalada lile lilifunguliwa tena, nikaandika upya. Leo nimekuja na nakala ya taarifa ya kwanza pamoja na makala nzima ya 2007, nimkabidhi mwalimu wa jiografia, vijana wazilinganishe. Mstari wangu nimeupigia wino mwekundu.