Fedha za Kumwingiza Mtoto Chuo Kikuu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi machache juu ya fedha za kumwingiza mtoto chuo kikuu katika mwaka wake wa kwanza. Jambo hili latuhusu sisi makarani kwa njia mbili. Sisi tu wazazi wa watoto hao, na tena ndio tushikao karatasi ambazo kwazo fedha hizo hupatikana au hukosekana.

Zamani njia ilikuwa nyembamba. Mwaka 1949 Julius Nyerere alipokwenda kusoma Edinburgh alikwenda kwa ufadhili wa serikali, na waliopata nafasi ya namna ile walikuwa wachache mno. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Leo vijana waingiao vyuoni kila mwaka ni maelfu kwa maelfu. Basi mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2005.

Yafaa kwanza tupambanue maneno, maana wengi huyachanganya. Ufadhili ni fedha apewazo mwanafunzi kwa kufuata masharti, wala hadaiwi kuzirudisha. Mfano wake ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wale waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Mkopo ni jambo jingine. Mkopo hutazama uhitaji wa mwombaji, nao ni deni. Mtoto anayesema, "Serikali imenipa fedha," hajaelewa alichotia sahihi.

Sasa nije kwenye karatasi. Mzazi asingoje matokeo ya kidato cha sita ndipo aanze kutafuta hati. Cheti cha kuzaliwa hakina budi kuhakikiwa, na kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya RITA. Kadhalika cheti cha kifo, ikiwa mzazi amefariki. Fomu ya maombi yataka sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na ya hakimu au wakili. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili alete barua ya mfadhili huyo, na kaya iliyo katika mpango wa TASAF itaje jambo hilo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo aombee mkopo. Majina nayo yalingane, maana herufi moja iliyoandikwa vibaya darasani miaka mingi iliyopita yaweza kumchelewesha mtoto hata dirisha likafungwa.

Hapo pana neno zito kwetu. Jirani huja na fomu jioni akasema, "Ndugu yangu, nisaidie, andika kwamba mtoto ni yatima." Baba yake yu hai, tena yuko kazini. Kumwandikia hivyo si huruma hata kidogo. Fungu la fedha lina mwisho wake, na kila anayelichukua kwa uongo amemwondoa yatima wa kweli ambaye hana karani wa kumjua. Tumsaidie jirani kujaza fomu sawasawa, lakini tusimsaidie kudanganya.

Tena mzazi asidhani ya kuwa mkopo hulipa kila kitu. Bodi hupima uwezo wa kila mwombaji, na wengine hupata sehemu tu. Ada huenda chuoni. Fedha za chakula na malazi, pamoja na za vitabu na viandikwa, humfikia mwanafunzi baada ya kusajiliwa. Kwa hiyo nauli, na matumizi ya majuma ya kwanza, yawekwe akiba nyumbani mapema. Aliyekosa, au aliyepata kidogo, asikate tamaa upesi. Lipo dirisha la rufaa, ila huwa wazi kwa siku chache.

Sasa juu ya kulipa. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mfanyakazi anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tufanye hesabu ya kikarani. Kijana anadaiwa shilingi 12,000,000, na mshahara wake ni shilingi 800,000. Atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi kwa miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4, bila kuhesabu ada ndogo ya uendeshaji. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka iliondolewa mwaka 2021, na huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo, makato hayo ni mazito kwa kijana anayeanza kupanga chumba na kusaidia wadogo zake. Na aelezwe kabla ya kutia sahihi, si siku ya kupokea mshahara wa kwanza.

Kwa wale wenzetu walio katika ofisi za mishahara, sheria inawahusu wenyewe. Mwajiri aliyemwajiri mhitimu anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28, na fedha zilizokatwa zifikishwe kwake ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi. Karani azembeaye humwachia kijana deni lisilopungua, naye huku anaamini kwamba analipa. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha hizo zirudishwazo ndizo huongeza fungu la kumkopesha mtoto mwingine.

Naomba kila tawi la Chama lichague mwanachama mmoja au wawili wa kuwasomea wazazi masharti kila mwaka dirisha lifunguliwapo, bila malipo. Malipo ya maombi hufanywa kwa namba ya malipo itolewayo na Bodi yenyewe, wala hayapiti mkononi mwa mtu. Anayedai "chai" ili jina lipite ni mwizi, hata akiwa amevaa tai.