Ujira wa Siku na Kipimo cha Dukani

Katika baraza za Kibokoni, baada ya salamu na baada ya kuulizana hali za wagonjwa, hakuna jambo linalozungumzwa zaidi kuliko bei za vitu. Mtu akirudi kutoka Marikiti na kikapu chake mkononi huulizwa kwanza nyanya zauzwaje leo, na akijibu hufuata kuguna. Mazungumzo haya hayakusudii kuongeza manung'uniko, maana hayo yametosha. Yakusudia kutazama jambo moja tu, nalo ni hili: kwa nini mwenye fedha kidogo hukinunua kitu kile kile kwa bei kubwa kuliko mwenye fedha nyingi, na watu wa mji huu wamefanya nini juu yake.

Ughali wa Mombasa si mambo ya jana. Katika Julai na Agosti 1939 wafanya kazi wa mjini na wa bandarini waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Vita Kuu ya Pili ikapandisha bei za nguo na vyakula, na mwaka 1943 nchi nzima ikapata upungufu wa nafaka. Mwaka 1945 kamati iliyoongozwa na Bw. Arthur Phillips ilichunguza machafuko ya kazi katika Mombasa, ikaona kwamba ujira wa watu wengi haukulingana na gharama za kuishi mjini. Hata hivyo mambo hayakutengenea upesi. Tarehe 13 Januari 1947 yapata watu 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili: makuli, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walikutana katika kiwanja cha mpira ambacho jina lake lilieleza habari yote, yaani Kiwanja cha Maskini. Baada yake iliundwa baraza ya hukumu chini ya Jaji Thacker, na ujira wa wengi ukaongezwa.

Siku zile walikuwapo mabwana waliosadiki kwamba Mwafrika hupungukiwa kwa sababu hajui kupanga matumizi, na magazeti na redio zilijaa mashauri ya kuweka akiba. Kuhesabu alikuwa akijua. Alichokosa ni cha kuhesabu. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila mara ushauri wa namna hiyo unapotolewa, na ushauri wenyewe haukwisha, kwani hata leo hutolewa.

Sasa tazama neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kuwa amefanya kazi ya siku moja. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kazi za bandari ya Kilindini ilifanywa na watu wa vibarua, na ijapokuwa utaratibu wa bandari ulibadilishwa katika miaka ya 1950, maisha ya kulipwa kwa siku hayakuondoka mjini. Hamali wa mkokoteni, dereva wa tuktuk, mchuuzi wa samaki na mama wa bajia, hao wote hupata fedha yao jioni. Apataye jioni hununua jioni, naye hununua kwa kadiri ya alichokipata. Zamani alinunua kwa kibaba, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Siku hizi hununua robo kilo ya sukari, kijiko cha majani ya chai kilichofungwa katika kikaratasi, na mafuta ya kupikia kwa kikombe. Kenya nzima yaita mauzo hayo kadogo. Kipimo cha kununulia, basi, hufuata kipimo cha ujira.

Mwenye duka naye si lazima awe mtu mbaya. Hutumia muda kupima na kufunga, hununua mifuko, na kila anapopima sukari hubaki kidogo katika mizani. Gharama hizo huziweka juu ya bei. Ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Kilo ya sukari ni shilingi 160, na robo huuzwa shilingi 45. Nyumba itumiayo robo kila baada ya siku mbili itanunua mara kumi na tano katika mwezi, na itatoa shilingi 675. Sukari hiyo hiyo ikinunuliwa kwa kilo yagharimu 600. Katika kila shilingi nane mama ameongeza shilingi moja, wala hakupata punje moja zaidi. Akifanya hivyo katika mchele, mafuta, chai, sabuni na makaa, atalipa kodi ambayo haikuandikwa katika sheria yo yote.

Lakini si kila kinachonunuliwa kidogo kidogo ni hasara, na hapa Kibokoni ina somo lake. Mgeni apitaye asubuhi huona watoto wenye bakuli na sahani wakienda kununua mahamri na mbaazi za nazi. Jioni huona meza za viazi vya karai, bajia na katlesi kandokando ya njia. Yawezekana akasema moyoni kwamba watu hawa ni wavivu wa kupika. Hesabu yake ingekuwa mbaya. Mbaazi kavu hurowekwa usiku kucha na huchemka muda mrefu kabla hazijatiwa tui. Nyumba moja ikipika sufuria ndogo kwa ajili ya watu watano itachoma makaa karibu sawa na yale yapikayo sufuria kubwa. Mpishi mmoja akipikia nyumba ishirini, moto mmoja umefanya kazi ya mioto ishirini. Nazi, iliki na hamira naye amenunua kwa wingi kuliko jirani zake. Kwa hiyo anunuaye bakuli la mbaazi kwa jirani amenunua sehemu yake katika sufuria kubwa. Fedha yenyewe hubaki mtaani, ikamlipia mtoto wa mtu karo.

Aliye taabuni zaidi katika biashara hiyo ni mpishi. Ngano nyingi itumikayo Kenya hutoka ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, nafaka ya nchi hizo mbili ilikwama na bei ikapanda ulimwenguni. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kwa muda wa wiki tatu na zaidi. Meli za ngano hutia nanga Kilindini, mwendo mfupi tu kutoka Kibokoni, lakini ukaribu huo haumpunguzii mama wa mahamri hata senti. Naye hawezi kupandisha bei kila bei ya unga inapopanda, maana mteja wake ni mtoto aliyekuja na sarafu iliyohesabiwa nyumbani. Afanyalo ni kupunguza donge. Bei ya hamri husimama pale pale, na hamri hupungua tumbo. Watoto ndio wa kwanza kutambua.

Serikali nayo imejaribu njia mbalimbali. Mwezi wa Julai 2022, kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa imepita shilingi 200, iliamriwa iuzwe shilingi 100 kwa fedha ya ruzuku. Ruzuku hiyo ikaondolewa baada ya muda mfupi. Julai 2023 kodi ya thamani juu ya petroli na dizeli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli zikafuata. Wakati huo huo kodi hiyo iliondolewa juu ya gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata palikuwa na shauri la kutoza kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Shauri hilo liliachwa, na baada ya maandamano ya vijana mswada wote wa fedha uliondolewa tarehe 26 Juni 2024. Mwananchi ana haki ya kuyasema mambo haya, na kura yake ni ya maana. Lakini chungu hakingojei bunge.

Basi mtu wa ujira wa siku hushikwa na nini anapopungukiwa? Zamani alishikwa na daftari la duka. Siku hizi ameongezewa mkopo wa simu, ambao huja usiku wa manane bila mtu kumwona mkopaji, na pengine ndiyo sababu wengi huupenda. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Yaonekana ni kidogo. Mtu akikopa shilingi 1,000 kila mwezi, na kulipa kila mwezi ili akope tena, katika mwaka atakuwa ametoa shilingi 900 za ada, na hana alichonunua kwa hizo 900. Katika mtaa wa Waislamu kama Kibokoni liko pia swali la riba, ambalo wengine hulichukua kwa uzito sana na wengine hulinyamazia mpaka deni liishe.

Dawa iliyo ya zamani kuliko simu ni upatu, ambao wengi huuita mchezo na watu wa bara huuita chama. Namna yake ni rahisi. Wanawake kumi na wawili hutoa shilingi 50 kila mmoja kila siku. Kila siku ya tano hupatikana shilingi 3,000, nazo hupewa mmoja kwa zamu. Baada ya siku sitini kila mtu amepokea 3,000 alizozitoa mwenyewe, bila ada na bila riba. Akili yake i katika zile 50. Anayelipwa kwa siku huchanga kwa siku, lakini hupokea kama alipwaye mshahara. Siku ya zamu yake aweza kununua robota la unga la pakiti kumi na mbili, au mtungi wa mafuta, kwa bei ya jumla. Pengo la shilingi moja katika nane hubaki mfukoni mwake.

Ubaya wake nao usifichwe. Apokeaye mwanzo akahama mtaa huwaacha wenziwe mikono mitupu. Ndiyo maana mchezo mzuri huchezwa na watu wanaojuana nyumba na jamaa, na anayeshika fedha huandika kila kilichotolewa, hata kama wote ni ndugu. Tena kununua kwa wingi kwahitaji mahali pa kuweka. Vyumba vya Mji wa Kale vingi ni vidogo, na hewa ya bahari ina unyevu: unga ukikaa sana huingia wadudu, na sukari hushikamana. Mafuta na sabuni hustahimili zaidi. Wako wanaogawana robota moja watu watatu siku ile ile linapofika, na hilo ni jambo la busara, kwani nyumba yenye unga mwingi hupika zaidi. Jambo hili kila mama alijua, ijapokuwa haliandikwi katika vitabu vya matumizi.

Tena ziko gharama ambazo si za tumbo. Harusi ya Mombasa yajulikana pwani nzima, na nyumba nyingi huingia deni la pilau na nguo za sare ambalo hulipwa wakati bibi arusi amekwisha kuwa mama. Kuwaambia watu waziache harusi zao ni maneno ya bure. Lakini michango ikikusanywa mapema, kwa mpango ule ule wa upatu, deni hupungua. Kadhalika mwezi wa Ramadhani. Bei za ndizi, tende na nazi huelekea kupanda pale mahitaji yanapozidi, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba atapaswa kutoa fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga. Nyumba yenye watu wanane ina pishi nane za kutafuta kabla ya Idi.

Kwa sababu hiyo zamu itamaniwayo kuliko zote katika mchezo ni ile inayoangukia Shaabani, wiki chache kabla ya kufunga. Wengine hupiga kura juu yake. Wengine humpa bila kura yule ambaye mume wake hakupata kibarua mwezi ule, na jina lake huandikwa katika daftari pamoja na mengine, bila alama yo yote ya kumtofautisha.